Ving'ora vya magari usiku: tusiilaumu alamu, tuangalie sensa zilivyoungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu hii kero ya alamu za magari zinazolia usiku kucha mitaani kwetu. Kila mtu analaumu alamu zenyewe, eti ni za Kichina, eti ni feki, eti ukitaka amani nunua ya bei mbaya, na mimi kazi yangu ni umeme wa magari hapa Tabata, naletewa sana gari za namna hiyo, nikifungua chini ya dashibodi mara nyingi boksi la alamu nalikuta zima kabisa halina shida yoyote. Shida iko kwenye ile fundo la waya pembeni yake, sensa (vile vidude vinavyohisi mtikisiko, mtu ndani au kioo kuvunjwa) tatu nne zimekusanywa zikasokotwa pamoja zikapigwa teipu nyeusi, basi. Hapo ndipo kelele zinapotoka na hapo ndipo mwizi anapopata nafasi, maana gari inayolia mara tano kwa usiku mmoja hakuna jirani atakayeamka ikilia ya sita.

Wenye magari siwalaumu. Mtu anapaki Kariakoo au Sinza anarudi saiti mira hazipo, mwingine anaamka asubuhi betri haipo au taa zimeng'olewa, mwingine kioo kimevunjwa laptop imeondoka, na siku hizi kuna wanaoingia chini ya gari wanakata masega ya kwenye ekzosti, kile kisafisha moshi. Sasa mtu kama huyo akienda kununua alamu anataka ilinde kila kitu, na fundi naye anamwambia tuongeze sensa bosi, ya mtikisiko, ya ndani, ya kuinama, ya kusikia kioo. Kuongeza sensa sio vibaya, mimi mwenyewe nafunga. Ila alamu nyingi hizi za kawaida boksi lake lina sehemu chache tu za kupokea taarifa: waya wa milango, waya wa boneti na buti, na plagi moja ya pini 4 kwa ajili ya ile sensa ya mtikisiko iliyokuja nayo, ambayo mafundi tunaiita shoki. Sensa ya pili ikija haina pa kukaa. Ndio hapo fundi asiyejua anachukua waya wake anauchomeka kwenye waya wa mlango, wa tatu hivyo hivyo, na king'ora kikilia siku ya kwanza wanapeana mikono mteja analipa anaondoka.

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo kinachotokea baada ya hapo kwa sababu naamini hata asiye fundi akielewa hataibiwa hela yake.

Sensa nyingi za hizi alamu zinaongea na boksi kwa kutoa ethi, yaani upande wa hasi wa betri ulioungwa na bodi ya gari, ule wa chanya tunauita moto. Ndani yake kuna transista ndogo (swichi ya kielektroniki), sensa ikishtuka ile transista inaunganisha waya wa taarifa na ethi kwa muda mfupi, boksi linaona waya uliokuwa na volti umeshuka kwenda sifuri, linajua kuna tukio. Swichi ya mlango ya Toyota zetu nyingi inafanya hivyo hivyo, ukifungua mlango swichi inagusa bodi ya gari. Kwa hiyo fundi anasema hizi zote zinatoa ethi, si niziunge tu pamoja? Na kweli ukiziunga alamu italia. Lakini waya wa mlango hauko peke yake jamani, umeungana na taa ya ndani ya kwenye paa. Taa ile inapata moto muda wote, inachosubiri ni ethi kutoka kwenye swichi ya mlango. Sasa sensa yako ikitoa ethi kwenye waya huo huo, haiambii boksi peke yake, inawasha na taa. Balbu ya wati 8 kwenye volti 12 inavuta karibu miliampia 670, na ile transista ya ndani ya sensa kwa kawaida imetengenezwa kubeba kiasi kidogo sana, kama miliampia 100 au 200 hivi. Itavumilia siku mbili, wiki, mwezi, halafu inaungua, na mara nyingi ikiungua inaganda ikiwa imeunganisha. Hapo taa ya ndani inawaka haizimi, boksi linaamini mlango uko wazi, ukiseti alamu inagoma au inalia, na asubuhi betri imekwisha. Kuna Toyota Noah moja ililetwa kwangu ikiwa na ugonjwa huo huo kabisa, mwenyewe ameshabadilisha alamu nzima mara ya pili na ile sensa iliyokufa wamemrudishia pale pale kwenye waya wa mlango, kwa hiyo alamu mpya nayo ikaanza kuumwa ugonjwa wa ile ya zamani, na alikuwa anajiandaa kununua ya tatu.

Dawa yake ni diodi. Hiki ni kidude kidogo cheusi chenye mstari wa fedha upande mmoja, shilingi mia chache tu kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, ile ya kawaida inaandikwa 1N4007 na inabeba mpaka ampia 1. Kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja na kuuzuia usirudi, kama valvu ya tyubu ya baiskeli ambavyo upepo unaingia hautoki. Kila kinacholeta taarifa kwenye waya wa boksi kiwe na diodi yake. Kwa sensa na swichi zinazotoa ethi, ule mstari wa fedha unaelekea kwenye sensa au kwenye swichi, upande usio na mstari unaelekea kwenye boksi. Na hapa wengi wanakosea kidogo, wanaweka diodi kwenye sensa mpya peke yake wanauacha waya wa mlango hivi hivi, wakati umeme wa ile taa unapita vizuri tu kwenye diodi ya sensa kwa sababu uelekeo ni ule ule. Lazima na waya wa mlango uwe na diodi yake kabla haujakutana na mwenzake, mstari ukiangalia mlango, ndio taa ya ndani inabaki kuwa mali ya mlango na sensa inabaki kuongea na boksi tu. Kama gari ni ya zile zinazotoa moto mlango ukifunguliwa, zipo baadhi, hasa za Marekani, basi unatumia ule waya mwingine wa boksi unaopokea moto na diodi unazigeuza, mstari unaangalia boksi.

Hili la moto na ethi nalo linaua vifaa vingi. Kuna sensa zinatoa moto na boksi linataka ethi, fundi anaweka relei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) kugeuza. Relei ya gari ya ampia 40 koili yake inakula kama miliampia 150, na sensa nyingi haziwezi kuibeba hiyo kwa muda mrefu, tunarudi kule kule kwenye transista kuungua. Unachohitaji pale ni transista ndogo kama BC547 na rezista ya kilohomu 10 kwenye mguu wa katikati, kazi ya dakika kumi kwa anayejua kushika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Kama umelazimika kutumia relei basi weka diodi sambamba na koili, mstari upande wa moto, kwa sababu koili ikikatiwa umeme inarusha volti kubwa kinyume na hiyo volti inaingia kwenye sensa.

Jambo jingine ambalo naona halizingatiwi kabisa ni kwamba sensa nyingi zina waya mbili za taarifa. Mmoja ni wa onyo, mtu akigonga gari kidogo inalia pi pi pi inanyamaza, na wa pili ni wa tukio kubwa, king'ora kizima. Ukiongeza sensa ya pili unaunga onyo na onyo, kubwa na kubwa, kila waya na diodi yake. Mafundi wengi wanachukua waya mmoja wowote, au wanaunga zote mbili pamoja ili mteja asikie kelele ya kutosha, matokeo yake paka akiruka kwenye boneti saa nane usiku mtaa mzima unaamka. Ile hatua ya onyo imewekwa kwa makusudi, ndiyo inayomfukuza mwizi bila kumsumbua jirani.

Halafu kuna ile taa ndogo inayomulika kwenye dashibodi. Alamu nyingi ukizizima baada ya tukio taa ile inahesabu, inamulika mara kadhaa kukwambia kilichoshtuka ni mlango, au boneti, au sensa. Ni msaada mkubwa sana huo. Ukirundika kila kitu kwenye waya wa mlango unaupoteza, kila ikilia taa inasema mlango, mlango, mlango, unabadilisha swichi za milango zote minne wakati anayelia ni rada, ile sensa inayoona kitu kinachojongea ndani ya gari. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha vitu pamoja fundi ajaze kwanza nafasi za boksi zote, boneti na buti kwenye waya wake, shoki kwenye plagi yake, na kama kuna nafasi ya ziada ndio iende rada, na kinachobaki ndio kiunganishwe kwa diodi.

Kwenye milango pia. Gari za miaka ya karibuni kila mlango una waya wake unaokwenda kwenye kompyuta ya gari, ndio maana dashibodi inakuonyesha mlango upi uko wazi. Ukiziunga waya hizo nne pamoja bila diodi, gari haijui tena mlango upi ni upi, ukifungua wa nyuma inadhani na wa dereva uko wazi, loki zinaanza vituko, taa haizimi. Diodi nne, moja kwa kila mlango, mistari yote inaangalia milango, tatizo hakuna. Na gari ambazo milango inaongea kwa data (ujumbe wa kompyuta kwenye waya wa pamoja) hakuna waya wa kuvizia kabisa, zile zinataka moduli yake maalum, fundi anayekata kata waya kwenye gari hiyo akitafuta waya wa mlango umzuie mapema.

Sasa kuhusu sensa zipi. Hapa nitasema maoni yangu wazi, kwa mazingira ya Dar nyingi watu wanazofungiwa hawazihitaji. Ile ya mawimbi ya sauti, vile vidude viwili vinavyokaa kwenye nguzo za kioo cha mbele kushoto na kulia, inafanya kazi kwa sauti ya kilohezi 40 hivi ambayo sikio la mtu haliisikii, inasikiliza kama hewa ya ndani imetikisika. Ni nzuri kama vioo vimefungwa mpaka juu. Nani hapa Dar anapaki juani mwezi wa pili vioo vimefungwa mpaka juu? Tunaacha upenyo ili gari isiwe tanuri, upepo wa baharini unaingia pale, alamu inalia. Kwa hiyo mimi kwa gari ya mtu anayeacha upenyo siifungi, nafunga ya rada. Rada yenyewe haijali upepo, inaona kitu kinachojongea, ila ina tabia yake, inapenya kioo na plastiki, inazuiwa na chuma. Ukiiweka karibu na mlango au ukaifungulia nguvu yote itamwona mpita njia, muuza karanga akipita pembeni inalia. Inatakiwa ikae katikati ya gari, chini ya konsoli kati ya viti viwili vya mbele, halafu unaipunguza nguvu kwa kile kinobu mpaka mkono ukiingia dirishani inalia na mtu akisimama nje karibu na mlango haitoi neno. Hii kazi ya kupima na kurekebisha inachukua muda kuliko kufunga kwenyewe na ndio kazi hasa, anayekufungia alamu nusu saa akakwambia tayari hajapima.

Shoki ndio roho ya alamu nyingi na ndio inafungwa vibaya kuliko zote. Inaning'inizwa kwenye fungu la waya kwa kamba ya plastiki, au inabandikwa kwenye plastiki ya dashibodi, haisikii chochote, fundi anaongeza kinobu mpaka mwisho, ikawa inasikia bodaboda isiyo na saizensa na spika za kigodoro mtaa wa pili. Ifungwe kwa skrubu kwenye chuma cha bodi au kwenye bano la nguzo ya usukani, ikishika chuma inasikia mtikisiko wa gari yenyewe na kinobu unakiweka chini. Mwenye gari unaweza kujaribu mwenyewe, piga ngumi ya wastani kwenye nguzo ya mlango inatakiwa ilie onyo, piga kwa nguvu inatakiwa ilie yote, lori likipita barabarani inyamaze.

Ya mwinamo mimi naipenda na naona inadharauliwa. Ukiseti alamu inashika jinsi gari ilivyolala wakati ule, hata kama umepaki mlimani haina neno, ila gari ikiinuliwa upande mmoja digrii chache tu inalia. Mwizi wa matairi anatumia jeki, mwizi wa masega mara nyingi naye anahitaji kuinua gari ndogo ndio apenye, shoki inaweza isimsikie kwa sababu jeki inapanda taratibu, lakini hii inamwona. Kasoro yake ni kwenye maji. Wakazi wa Kigamboni wanajua, ukiwa juu ya kivuko gari inayumba na wimbi, ukishuka ukaseti alamu ili usimame ukingoni inalia mpaka ng'ambo. Alamu nyingi zina namna ya kuziba sensa kwa mara moja, ukibonyeza kitufe cha rimoti kwa mpangilio fulani inafunga milango na kuacha sensa zimelala, na ni wateja wachache mno wanaofundishwa hicho kitufe wakati wa kukabidhiwa gari. Muulize fundi wako akuonyeshe.

Boneti nayo kwa wanaokaa karibu na bahari, Mbezi Beach, Masaki, Kigamboni huko, ile pini swichi inashika kutu kwa hewa ya chumvi, inaanza kugusa na kuachia ovyo. Ipakwe grisi na ikaguliwe kila gari inapokwenda sevisi, hiyo peke yake imeshamaliza kelele za gari nyingi.

Saiti mira niseme ukweli, sensa haitakusaidia sana, kioo kinachomolewa kwa sekunde chache na mtikisiko wake ni mdogo, shoki iliyorekebishwa vizuri inaweza kutoa onyo tu. Kuandika namba ya gari kwenye kioo na kukunja mira ukipaki kunasaidia zaidi kuliko sensa yoyote atakayokuuzia mtu kwa ajili ya mira.

Naomba niguse na betri kwa sababu wateja wanakuja wanasema alamu inakula betri. Inakula kweli, kila sensa inakula kidogo kidogo usiku na mchana. Mafundi wengi tunakubaliana gari ikilala isivute zaidi ya miliampia 50 kwa vitu vyote, alamu, saa, memori ya redio na kompyuta. Sasa chukua gari iliyorundikiwa sensa ikafika miliampia 100, hiyo ni ampia-saa 2.4 kwa siku, ukisafiri siku 10 zimeondoka 24, na betri ndogo ya gari kama Toyota IST ikiwa na ampia-saa 35 hapo stata haizunguki. Kupima ni rahisi, mita inaunganishwa kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake, ikiwa kwenye ampia 10, unasubiri kama nusu saa gari ilale kabisa ndio unasoma, na usithubutu kupiga stata mita ikiwa pale. Fundi akupimie kabla hajaongeza sensa na baada ya kuongeza, akuonyeshe namba zote mbili. Na sensa kama rada zisipewe ethi ya moja kwa moja, boksi nyingi zina waya unaotoa ethi pale tu alamu ikisetiwa, ukilisha sensa kwa waya huo zinazimika ukiwa unaendesha, ila soma kwenye karatasi yake waya huo unabeba kiasi gani usije ukauzidishia.

Kuna mawili ya usalama ambayo hayana mjadala. Moja, waya na plagi za njano chini ya usukani na kwenye dashibodi mara nyingi ni za eabegi (mfuko wa hewa unaofutuka kwenye ajali), fundi anayechokonoa huko na testa ya balbu anaweza kuilipua usoni mwake, atumie mita ya dijitali na waya hizo asiziguse kabisa. Pili, kila waya wa moto wa alamu uwe na fyuzi karibu na pale ulipochukuliwa, na viungo viungwe kwa risasi na kufunikwa na ule mpira unaobana ukipashwa joto. Teipu nyeusi kwa joto la Dar gundi inayeyuka, inafunguka, waya wa moto unagusa bodi, na gari inaungua kwa sababu ya kitu kilichowekwa kuilinda. Na wale wanaofunga relei ya kuzima gari, ikate waya wa stata tu, kwa pini 30 na 87a za relei ambazo zimeungana relei ikiwa haina umeme, ili hata alamu ikifa gari iwake. Kukata pampu ya mafuta kunaonekana kuna nguvu zaidi lakini relei ikichoka ukiwa barabara ya Morogoro nyuma yako kuna basi, gari inazima kwenye mwendo. Mimi sifungi hiyo hata mteja akiniongezea hela.

Ndugu Mhariri, ninachoomba kupitia gazeti lako ni haya. Wenye maduka ya Kariakoo wanaoleta hizi alamu wawawekee wateja karatasi ya Kiswahili yenye mchoro wa waya, kwa sababu karatasi nyingi ni za Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, na rangi za waya zinabadilika kutoka alamu hadi alamu, fundi anabaki kukisia. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kuanzia Chang'ombe hapa jirani, waangalie kama wanaweza kuweka kozi fupi ya jioni ya alamu na sensa kwa ajili ya sisi ambao tuko kazini tayari, wapo vijana wengi hodari huku gereji wamejifunza kwa kuangalia tu, ukimwonyesha diodi mara moja hasahau tena, tatizo hajawahi kuonyeshwa. Na gazeti likiweza kutoa hata robo ukurasa kwa wiki kwa mambo ya ufundi wa magari litakuwa limetusaidia sana, niko tayari kuandika bila malipo.

Na kwa mwenye gari anayekwenda kufunga alamu wiki hii, kabla hujalipa seti alamu ukiwa umeacha dirisha moja wazi, subiri itulie, ingiza mkono ndani. Zima, seti tena, na safari hii uwe umefyatua kwanza loki ya boneti kutoka ndani, ukishaseti iinue. Seti tena, inua gari na jeki upande mmoja. Kila mara angalia taa ya dashibodi inahesabu ngapi, kama inahesabu ile ile kwa kila kitu jua vyote vimerundikwa kwenye waya mmoja, mwambie arudie. Mwambie pia akuchoree kwenye karatasi sensa ipi imekwenda waya upi na diodi ziko wapi, uiweke kwenye droo ya gari pamoja na kadi ya bima, maana fundi atakayekuja baada yake ndiye atakayeihitaji.

Wako mtiifu,
Fundi umeme wa magari,
Tabata, Dar es Salaam